Kitabu kimoja kikiibwa, vitatu huuzwa bure

Mwenye duka la vitabu wa Tandika au Mwananyamala akigundua kwamba kamusi moja haipo rafuni, jambo la kwanza analotazama ni bei iliyobandikwa kwenye jalada. Hapo ndipo hesabu inapoanza kwenda kombo. Hasara ya kitabu kilichoibwa haipimwi kwa bei ya jalada. Inapimwa kwa idadi ya vitabu vingine ambavyo lazima viuzwe, bila kuingiza hata senti moja ya faida, ili fedha iliyopotea irudi dukani.

Katika biashara ya vitabu idadi hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mfanyabiashara mdogo wa pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, na kwa yeyote anayefikiria kuweka mtaji wake humo, ni vyema aijue kabla ya kulipa kodi ya pango ya mwezi wa kwanza.

Hesabu ya duka moja

Chukua duka la mfano la chumba kimoja pale Mbagala Rangi Tatu. Bei ya wastani ya kitabu ni Sh. 10,000 na mchapishaji anampa mwenye duka punguzo la asilimia 25. Maana yake kila nakala inaingia dukani kwa Sh. 7,500, na ikiuzwa huacha faida ghafi ya Sh. 2,500.

Duka hilo likiuza nakala 200 kwa mwezi, mauzo ni Sh. 2,000,000 na faida ghafi ni Sh. 500,000. Tuseme pango, mshahara wa msaidizi, umeme, usafiri na leseni vinakula Sh. 380,000. Mwenye duka anabaki na Sh. 120,000 za kwake.

Sasa viibwe vitabu viwili kwa wiki, yaani vinane kwa mwezi. Kila kimoja kimemgharimu Sh. 7,500, hivyo zimepotea Sh. 60,000. Vitabu vinane kati ya zaidi ya 200 vilivyotoka dukani mwezi huo ni pungufu ya vinne katika kila mia. Ni idadi ambayo macho hayawezi kuiona kwenye rafu iliyojaa. Hata hivyo imekula nusu ya kipato cha mwenye duka.

Ili kuzirudisha Sh. 60,000 hizo kwa faida ya Sh. 2,500 kwa kila nakala, lazima auze vitabu 24 zaidi. Vitatu kwa kila kimoja kilichoibwa. Kama kilichoibwa ni kamusi ya Sh. 30,000 iliyonunuliwa kwa Sh. 22,500, ni vitabu tisa vya kawaida vitakavyouzwa kufidia kamusi moja.

Mfanyabiashara wa nguo za mtumba akiibiwa shati, huenda akalifidia kwa kupandisha bei ya mashati mawili yaliyobaki. Muuza vitabu hana nafasi hiyo. Mzazi amekwisha kuulizia bei ya kitabu hicho hicho, chenye jalada lile lile, katika maduka matatu tangu Kariakoo.

Mali kauli haisamehi

Wachapishaji wengi huwapa maduka vitabu kwa mali kauli: duka linachukua mzigo, linauza, linalipa kilichouzwa na kurudisha kilichobaki. Utaratibu huu umewawezesha wenye mitaji midogo kujaza rafu wasizoweza kuzijaza kwa fedha taslimu.

Lakini mali kauli ina milango miwili tu ya kutokea, fedha au kitabu chenyewe. Kitabu kilichoibwa hakina mlango. Siku wakala wa mchapishaji anapokuja kuhesabu, nakala isiyokuwapo rafuni wala kurudishwa inahesabiwa kuwa imeuzwa, na mwenye duka anaidaiwa. Mtu anaweza kumaliza msimu wa Januari akiwa na deni la vitabu ambavyo hakuviuza, na mzigo unaofuata akanyimwa mpaka alilipe.

Kodi nayo haimsaidii. Mfanyabiashara mdogo asiyetunza hesabu kamili hutozwa kwa makadirio ya mauzo, si kwa faida anayobaki nayo. Kitabu kilichoibwa humpunguzia faida bila kumpunguzia kodi.

Kutoka katoni hadi nakala moja moja

Kuna sababu ya kibiashara inayofanya wizi wa nakala moja uume sasa kuliko zamani. Kwa miaka mingi vitabu vya shule havikupita katika maduka ya watu binafsi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliandaa miswada, mashirika ya umma kama Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, yakachapisha, na shirika la Tanzania Elimu Supplies likasambaza. Mzigo ulisafiri kwa katoni kutoka ghala hadi ghala. Upotevu ulikuwapo, lakini ulikuwa wa umma.

Mwaka 1991 Serikali ilitangaza sera ya kuiachia sekta binafsi, hatua kwa hatua, kazi ya kuchapisha na kusambaza vitabu vya shule. Mwaka huo huo Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza Tanzania Publishing House tangu 1972, alianzisha kampuni yake ya Mkuki na Nyota. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa majaribio wa uchapishaji uliogharamiwa na Sweden. Soko huria likafungua mlango kwa maduka ya mitaani, na shule zikawa wateja wanaonunua kwa makumi.

Mlango huo haukubaki wazi moja kwa moja. Mwaka 2013 kamati iliyokuwa ikiidhinisha vifaa vya elimu, iliyojulikana kama EMAC, ilivunjwa, na kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa Sh. 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na Sh. 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu ya fedha hizo ikabaki Serikalini kwa ajili ya kununua vitabu kwa pamoja. Kenya nayo ilifuata njia inayofanana mwaka 2018, Serikali yake ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni bila kupitia madukani.

Kwa duka la Temeke matokeo ni haya: oda ya shule ya nakala 50 zilizofungwa pamoja, ambayo hakuna mteja angeweza kuitia kwapani, imepungua. Aliyebaki ni mzazi mmoja, mwanafunzi mmoja, nakala moja. Duka linaishi kwa watu wanaoingia, wanaoshika, wanaofunua na kutoka. Kila anayeingia ni mteja, na kila anayeingia anaweza kuwa mwizi.

Kitabu hakina jina la mwenyewe

Kinachoibwa ni kile kinachouzika upesi: kamusi, vitabu vya sayansi vya kidato cha tano na sita, na vitabu vya fasihi vilivyomo katika orodha ya mitihani. Riwaya ambayo imekaa rafuni miaka miwili bila kuulizwa haina mwizi, kama ambavyo haina mnunuzi.

Soko la kuvipokea lipo. Katika Jiji la Dar es Salaam vitabu vilivyotumika huuzwa kando ya barabara juu ya turubai, na biashara hiyo ni halali na ina manufaa. Ndiyo iliyowasomesha vijana wengi ambao wasingemudu nakala mpya. Ugumu wake ni kwamba kitabu hakijieleza kimetoka wapi.

Namba ya ISBN iliyochapwa nyuma ya jalada, ambayo kwa vitabu vya Tanzania mara nyingi huanza na 978 na kufuatiwa na 9976 au 9987, inatambulisha toleo na mchapishaji wake. Haitambulishi nakala. Vitabu 5,000 vya toleo moja vina namba moja. Nakala iliyolipiwa Kinondoni na iliyoibwa Kinondoni ni mapacha, na hata hakimu hataweza kuzitenganisha kama mwenye duka hakuweka alama yake.

Nakala iliyoibwa inaweza pia kuwa mama wa nyingine. Ikifikishwa kwenye kibanda cha fotokopi kilicho karibu na shule, hutolewa kurasa zinazotakiwa kwa mtihani na kuuzwa kwa sehemu ndogo ya bei. Hapo sheria inayovunjwa ni ya pili, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na anayepoteza si mwenye duka peke yake. Mwandishi na mchapishaji nao wamo.

Nondo au rafu wazi?

Jibu la haraka la wafanyabiashara ni nondo. Vitabu vinahamishiwa nyuma ya kaunta, wavu unafungwa, na mteja anaagizwa aseme anachotaka. Kwa duka la vifaa vya umeme jibu hilo linafaa, kwa kuwa anayetaka balbu anajua ni balbu. Mnunuzi wa kitabu mara nyingi hajui jina la kitabu mpaka akione. Mzazi aliyetumwa “kitabu cha Hisabati” anataka kufunua mbili tatu na kulinganisha. Asipoweza, huondoka.

Hesabu ya duka la Mbagala inaeleza vyema zaidi. Wizi wa nakala nane ulimwachia mwenye duka Sh. 60,000 kati ya Sh. 120,000. Akiweka nondo na wizi ukakoma kabisa, lakini mauzo yakashuka kutoka nakala 200 hadi 170, faida ghafi itakuwa Sh. 425,000. Akitoa gharama zile zile za Sh. 380,000, anabaki na Sh. 45,000. Amemshinda mwizi na amekuwa maskini zaidi. Mpaka wa kuvumilia ni wateja 24: wakipungua zaidi ya hao kwa mwezi, nondo zinaiba kuliko mwizi.

Mlinzi wa mlangoni hali kadhalika. Akilipwa Sh. 100,000 kwa mwezi ili kuzuia hasara ya Sh. 60,000, duka limenunua hasara ya pili.

Hata nchi zilizoendelea zimelipia somo hili. Duka mashuhuri la Foyles la jijini London, chini ya Christina Foyle, lilijulikana kwa kuwapanga wateja foleni tatu: ya kwanza kuchukua hati ya kitabu, ya pili kulipa kwa mtunza fedha, na ya tatu kurudi kuchukua kitabu. Lengo lilikuwa wafanyakazi wa kawaida wasishike fedha. Utaratibu huo ulidumu mpaka Christina alipofariki mwaka 1999, na waliomrithi wakauondoa. Wakati huo washindani wenye rafu wazi na kaunta moja walikuwa wamekwisha kuvuta wasomaji wengi.

Njia ya kati ni kugawa mzigo. Vitabu vichache vyenye bei kubwa na soko la haraka vikae nyuma ya kaunta, mahali vinapoonekana. Vingine vyote vibaki wazi. Kamusi moja iliyolindwa, kama ilivyoonyeshwa hapo juu, imeokoa kazi ya kuuza vitabu tisa. Kitabu cha hadithi za watoto kilichofungiwa hakijaokoa kitu. Kimepoteza mtoto aliyekuwa amekishika mkononi na mama aliyekuwa anatafuta chenji.

Mifuko na mabegi yaachwe kaunta, na apewe kila mtu kadi, awe mzee au mwanafunzi. Kumvua begi mwanafunzi na kumwacha mtu mzima aliyevaa koti ni kumfukuza mteja wa kesho na kumkaribisha mwizi wa leo.

Daftari ndilo mlinzi wa bei rahisi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Neno “bila habari” ndilo lenye uzito. Kupotea ni hasara moja, na kutojua ni ya pili, kwa kuwa asiyejua kilichopotea hawezi kuzuia kingine kisipotee.

Utaratibu wenyewe hauhitaji kompyuta. Kila kitabu kiwe na ukurasa wake katika leja. Chukua kilichokuwapo mwanzo wa wiki, ongeza kilichopokelewa, toa kilichouzwa, toa kilichorudishwa kwa mchapishaji. Kilichobaki kwenye karatasi lazima kilingane na kilichobaki rafuni. Kama mwanzo zilikuwapo nakala 40, zikaingia 20, zikauzwa 31 na kurudishwa 5, lazima ziwepo 24. Zikihesabiwa 22, mbili zimepotea wiki hii, na mwenye duka anajua jina la kitabu na siku saba za kutafakari. Anayehesabu mara moja kwa mwaka atapata jumla ya hasara bila jina la sababu.

Hesabu ya kila wiki hueleza pia ni mlango upi unaovuja. Pengo likiwa kwenye rafu za mbele, na likikua siku za msongamano wa kufungua shule, tuhuma ziende kwa wateja. Likiwa kwenye vitabu vya nyuma ya kaunta au katoni ambazo hazijafunguliwa, mwizi hakuingia kwa mlango wa mbele. Likionekana siku ile ile mzigo ulipofika, tatizo ni kati ya ankara na mchukuzi, na katoni zihesabiwe mbele yake kabla hati haijatiwa saini.

La pili ndilo gumu kulisema. Maduka mengi ya pembezoni huendeshwa na ndugu: mpwa aliyetoka kijijini, shemeji anayesubiri kazi. Halipwi mshahara wa kueleweka, anapewa chakula na malazi, naye hujilipa mwenyewe kwa njia anayoijua. Daftari linamlinda mwenye duka dhidi yake, na linamlinda yeye dhidi ya shutuma. Bila hesabu, ndugu asiye na kosa hufukuzwa kwa wizi wa mteja.

Kuna pia kitabu ambacho hakikuibwa wala hakikuuzwa. Mwalimu alichukua nakala kumi “mpaka mwisho wa mwezi”, na mwisho wa mwezi ukapita. Hilo ni deni na liandikwe kama deni. Likichanganywa na wizi, mwenye duka ataweka nondo kuzuia jambo ambalo lilipita mlangoni kwa ruhusa yake.

Vilevile kitabu kilichopitwa na wakati kitengwe na kilichopotea. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika kwa awamu Januari 2024, nakala za mtaala wa zamani zimekuwa zikipoteza thamani rafuni darasa baada ya darasa. Hiyo ni hasara ya kweli, ila dawa yake ni kurudisha mapema kwa mchapishaji.

Alama nayo ina kanuni yake. Muhuri wa duka usigongwe mzigo unapoingia, kwa kuwa mchapishaji anaweza kukataa kupokea nakala iliyochafuliwa. Wakati wa kupokea, andika kwa penseli namba ndogo kwenye ukurasa uleule wa kila kitabu. Wakati wa kuuza, gonga muhuri wa “kimelipiwa” na utoe risiti. Nakala yenye namba ya penseli isiyo na muhuri, ikionekana juu ya turubai la muuza mitumba, imejieleza yenyewe.

Muuza mitumba naye apate faida katika hilo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kupokea mali ya wizi kwa kujua kuwa ni kosa linalojitegemea. Anayenunua kitabu kipya kabisa kwa kijana asiyemfahamu, kwa robo ya bei, ananunua pamoja na kesi. Muhuri wa “kimelipiwa” ni kinga yake. Tahadhari hiyo hiyo imhusu mwenye duka anayeletewa vitabu vyenye maandishi kuwa ni mali ya Serikali na haviuzwi. Kitabu cha namna hiyo kikikutwa rafuni, maelezo ya aliyekileta hayatamtoa mwenye rafu.

Kelele za mwizi

Liko jambo moja lisiloingia katika leja. Katika mitaa yenye watu wengi kama Manzese, Tandale na Tandika, neno “mwizi” likipigiwa kelele halirudi. Wananchi wenye hasira hawaulizi kilichoibwa ni kitabu au gari. Kijana wa sekondari aliyeficha kitabu cha Sh. 10,000 chini ya shati anaweza kupoteza maisha kabla polisi hawajafika, na aliyepiga kelele ataishi na jambo hilo mtaani kwake.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa na kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumpiga. Wizi wa kawaida una adhabu yake mahakamani, kifungo kinachoweza kufika miaka 7, na hiyo yatosha. Mwenye duka mwenye busara huziba mlango, humketisha mtuhumiwa ndani mbali na macho ya barabara, hutuma mtu kituoni au kwa mjumbe, na mara nyingi humwita mzazi. Mzazi akilipa, kitabu kimeuzwa.

Kwa mwekezaji mdogo anayeulizwa aingie ubia katika duka la vitabu la Kinondoni au Temeke, swali la kwanza lisiwe mauzo ya Januari yalikuwa kiasi gani. Aombe leja. Aokote vitabu vitano rafuni, asome kwenye daftari vinapaswa kuwa vingapi, kisha avihesabu. Vikilingana, duka lina mwenyewe. Kama leja haipo, ajue kwamba fedha atakayoweka itaanza kwa kulipia vitabu ambavyo watu wengine wamekwisha kuvisoma.